Niliizima Feni kwa Ajili ya Wimbo Mmoja

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni pa ukumbi wetu, kufuli la miezi kumi na minne likiwa limefunguka mkononi mwangu. Wengi mmeniandikia kunipongeza. Mmoja wenu amesema nina moyo wa chuma. Nawashukuru, lakini mngevuta subira kidogo, maana mkimaliza kusoma ya leo mtataka pongezi zenu zirudi.

Kwa anayenikuta leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mwanamke, fundi wa mitambo ya muziki. Watu huniita Masikio, kwa sababu nasikia spika inayotaka kuharibika kabla haijaharibika. Ukumbi ni wa mjomba wangu, kaka wa marehemu mama yetu, mzee wa miaka sabini na mbili anayepiga saksafoni. Mwimbaji ni dada yangu. Mume wa dada, shemeji yangu, ni fundi umeme, na mjomba humwita Fundi tu. Ongeza Bwana Afya, afisa aliyetumwa kutukagua, na watu wa mkasa huu wamekwisha.

Ukumbi wetu ni mdogo, zamani ulikuwa stoo ya vitambaa. Kabla ya ugonjwa huu wa kuambukiza uliofunga kumbi zote, watu mia na ishirini walikuwa wakijibana humo na kushukuru. Madirisha yote manne tuliyaziba kwa magodoro na mazulia makuukuu, maana nyumba ya pili anakaa mwalimu mstaafu ambaye akisikia ngoma anachukua simu kuita polisi.

Bwana Afya aliingia, akasimama katikati, akavuta pumzi kupitia barakoa yake.

"Humu hamna hewa," akasema. "Mtu akikohoa Jumatatu, kikohozi chake bado kipo Jumatano."

Mjomba alicheka. Bwana Afya hakucheka.

"Tukifungua madirisha, mwalimu atatufunga yeye," nikasema.

"Basi itoeni hewa kwa mashine. Mkishindwa, msifungue."

Hapo shemeji akachomoa penseli nyuma ya sikio lake, nikajua hatalala vizuri mpaka apate jibu.

Alilipata. Kulikuwa na karakana ya mbao iliyofungwa, na ndani yake feni kubwa ya kufyonza unga wa mbao. Akaifumua, akaisafisha, akaipaka grisi, akaifunga juu kwenye ukuta wa nyuma ya jukwaa, kwenye giza juu ya taa. Kutoka hapo akapandisha bomba la bati hadi paani, na kwenye mdomo wa bomba akaweka kifuniko cha kuzuia mvua. Siku alipoiwasha, karatasi ilichomoka mkononi mwangu ikaenda kunata kwenye wavu wa feni.

"Hii itatuvuta na sisi," dada akasema.

"Wewe huvutiki," shemeji akamjibu. "Nilikuvuta miaka mitatu ndipo ukakubali nikutolee posa."

Tulicheka sana siku ile. Ndiyo siku ya mwisho ninayoikumbuka tukicheka wote.

Kazi nyingine tuligawana. Viti tukabakiza thelathini, tukavipima kwa utepe na kuvifunga miguu kwa waya ili asitokee mtu wa kusogeza kiti karibu na mpenzi wake. Mlango wa mbele ukawa wa kuingilia, wa nyuma wa kutokea. Dada na mjomba kila mmoja akapewa maikrofoni yake, nikazipaka rangi za kucha zisichanganywe, na sponji zake nikawa nazifua kwa sabuni na kuzianika kwenye kamba ya nguo. Mbele ya dada tukatundika pazia la nailoni. Alisema anajiona nyama buchani.

Bwana Afya akarudi, akapima, akaandika, akatupa kibali cha onyesho moja la majaribio. Jumamosi alasiri, watu thelathini, kwa muda wa saa moja na nusu, basi. Akatundika ukutani kisanduku kidogo cheupe.

"Hiki kinaandika jinsi hewa ya humu ilivyo kila dakika," akasema. "Na feni iwashwe kabla mtu wa kwanza hajaingia, isizimwe mpaka nusu saa baada ya wa mwisho kutoka. Swichi iko karibu na nani?"

Wote wakanigeukia. Swichi ilikuwa kando ya meza yangu ya mitambo.

Akanipa karatasi, nikatia sahihi kwamba atakayejibu kuhusu feni ni mimi, jina langu na namba ya kitambulisho. Nakala yake akaibandika mwenyewe kwenye ukingo wa meza, mbele ya macho yangu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipojichimbia shimo.

Feni ile ilikuwa inavuma. Nyinyi msingeisikia. Mjomba hakuisikia, dada naye alisema naota. Lakini kwenye maikrofoni ilikuwa imo, chini kabisa, jirani ya sauti ya besi niliyokuwa naitoa kwenye kompyuta, na kila besi ilipotulia ule mvumo ulibaki peke yake. Mtu wa mitambo akisikia kitu kama hicho hawezi kula. Tangu nianze kazi, kitu cha kwanza ninachofanya mwimbaji akitaka kuimba taratibu ni kuzima feni zote ukumbini. Nilifundishwa hivyo na nimewafundisha wengine hivyo. Mkono unakwenda wenyewe.

"Nikupunguzie mwendo?" shemeji aliniuliza.

"Ukipunguza haitavuta."

"Basi izoee, shemeji. Kelele ya uhai hiyo."

Jumamosi ikafika, shemeji akabaki nje ya mlango wa mbele kuwazuia waliokosa nafasi. Watu thelathini waliingia mmoja mmoja wakinyoosha mikono kupakwa dawa, macho yamewajaa machozi kabla hata hatujaanza. Miezi kumi na minne si mchezo. Feni ilikuwa inazunguka, rekodi nimeiwasha, kila kitu kinakwenda sawa. Nyimbo nne za mwanzo zilikuwa za kuchangamsha na mvumo ulizama humo.

Wimbo wa tano, mjomba akasimama.

"Huu niliutunga wiki niliyomzika dada yangu," akawaambia watu. "Sijawahi kuurekodi. Leo Masikio ataurekodi."

Dada alikuwa tayari amefumba macho. Mjomba akapuliza noti ya kwanza, nyembamba, na chini yake nikausikia ule mvumo wa karakana ukimkanyaga mama yangu.

Sikufikiri. Hiyo ndiyo kweli, na sisemi ili mnionee huruma. Mkono ulikwenda ukaizima.

Mapanga ya feni yakapunguza mwendo, yakasimama. Mjomba, aliyekuwa amesimama chini yake kabisa, aliinua macho akaitazama feni, kisha akanitazama mimi. Akanyanyua nyusi kidogo. Nami nikamwonyesha kidole kimoja: wimbo mmoja tu. Akaridhika, akaendelea kupuliza. Aliniamini, kwa sababu tangu nina miaka tisa amekuwa akiwaambia watu kwamba kama Masikio amesema sawa, basi ni sawa.

Wimbo ulipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa wanalia. Walishusha barakoa kufuta pua, wakazipandisha, wakazishusha tena. Mimi mwenyewe nilikuwa nalia. Na mjomba, badala ya kupumzika, akaunganisha wimbo mwingine wa taratibu, kisha mwingine. Kila nilipopeleka mkono kwenye swichi nikajiambia, huu ukiisha. Ulikuwa usikivu wa ajabu, sijapata kurekodi kitu safi namna ile maishani mwangu.

Nilikuja kuiwasha wakati wa wimbo wa mwisho, ule wa kuagana. Zilikuwa zimepita dakika arobaini na tatu. Nilizihesabu baadaye.

Siku ya nne mjomba alianza kukohoa. Siku ya sita akapelekwa hospitali, na siku ya saba akawekewa oksijeni. Wale waliokuja kutusikiliza, kumi na mmoja wakaugua. Dada alikuwa akipiga simu nyumba kwa nyumba kuomba radhi.

Bwana Afya akaja na kisanduku chake mkononi. Tulikaa kwenye viti vilevile tulivyovifunga waya, kila mtu mbali na mwenzake.

"Hewa ilikuwa nzuri mpaka saa kumi na dakika saba," akasema. "Kuanzia hapo ikaharibika, ikaharibika sana, mpaka saa kumi na dakika hamsini. Kuna nini hapo katikati?"

"Muziki," nikasema.

"Umeme ulikatika?"

"Taa ziliwaka muda wote," dada akasema. Dada yangu hajui kusema uongo hata wa kumsaidia.

"Basi ama feni ilizimwa, ama feni haifai. Nani alikaa na swichi?"

"Mimi."

"Uliizima?"

Karatasi yenye sahihi yangu ilikuwa bado imebandikwa pale mezani, kila mtu anaiona. Nilimfikiria mjomba kitandani. Nilijifikiria mimi mahakamani. Nikajifikiria mimi zaidi.

"Sikuizima," nikasema.

"Mlirekodi?"

"Walirekodi," shemeji akaingilia kwa haraka, maskini, akidhani ananitetea. "Msikilize rekodi, bwana. Feni ikiwa inazunguka itasikika. Huyu anailalamikia kila siku."

"Vizuri. Kesho saa nne niikute hapa."

Nyumbani nilifunga mlango nikafungua kompyuta. Rekodi ilikuwa na nyimbo nne zenye mvumo, kisha nyimbo za taratibu zisizo na mvumo wowote, kisha wimbo mmoja wenye mvumo. Mtoto mdogo angejua kilichotokea.

Nilikata kipande cha mvumo kutoka nyimbo za mwanzo, pale dada na mjomba walipokuwa wakipumzika. Nikakiunganisha, nikakirefusha, nikakilaza chini ya zile dakika arobaini na tatu zote. Nilifanya kazi hiyo kwa uangalifu kuliko kazi yoyote niliyowahi kulipwa. Maungio nikayapitia moja moja mpaka hata mimi nikawa siyasikii. Kisha nikaifuta rekodi ya kwanza, nikafuta na nakala yake.

Ule wimbo wa mama, safi, uliosababisha yote haya, nikaufuta kwa mkono uleule.

Asubuhi yake tulisikiliza wote. Bwana Afya aliinamia spika, akafumba macho. Shemeji alisimama nyuma yake, mikono kiunoni. Noti ya kwanza ya mjomba ikatoka, na chini yake ule mvumo, umetulia, hauchezi.

"Naisikia," Bwana Afya akasema.

"Si niliwaambia," shemeji akasema, na uso wake ukang'aa. "Shemeji yangu hawezi kuzima."

Mimi nilikuwa nimekwisha kushusha pumzi. Nilijiona nimepona. Nilidhani sasa afisa atafunga daftari lake, aandike kwamba sababu haijulikani, aondoke.

Bwana Afya akafungua macho.

"Kwa hiyo ilikuwa inazunguka," akasema polepole, "na haikutoa hewa yoyote. Dakika arobaini na tatu. Nani aliifunga hii feni?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilitaka kujiondoa mimi tu, na sikufikiri hata kidogo kwamba nikitoka mimi pale, pana mtu mwingine atakayebaki amesimama peke yake.

"Mimi," shemeji akasema.

"Una cheti cha kazi ya aina hii?"

"Ya umeme ninacho. Ya hewa sina."

Hakubisha. Angebisha ningejua la kufanya. Badala yake alichukua ngazi, akapanda paani, nasi tukasimama uani tunamtazama. Alikaa huko muda mrefu. Alipoteremka alikuwa ameshika kile kifuniko cha bati, uso umemshuka.

"Bawaba imelegea, upepo ukikipiga kinaanguka, ukigeuka kinafunguka," akasema. "Nimekikuta kimeanguka, kimeziba nusu ya bomba. Sijui kilianguka lini."

"Upepo wa juzi," nikasema. "Shemeji, ule ni upepo wa juzi. Uliangusha hata mabati ya jirani."

"Au Jumamosi." Alikuwa anakigeuzageuza mkononi. "Nilisema nitarudi kuitia bawaba skrubu nyingine. Sikurudi. Nilijua kabisa, nikasema nitafanya kesho."

Bwana Afya akaandika. Akamwambia aripoti kituoni siku inayofuata kutoa maelezo, kosa ni uzembe. Kisha akaongeza, bila ukali wowote, na ndiyo maana ilinitisha zaidi: "Mwombeeni mzee apone. Akifa, sitakuwa mimi tena wa kuja hapa. Watakuja wengine."

Alipoondoka tulirudi ndani tukakaa, na dada akamshika mumewe mkono. Shemeji akaanza kulia, mtu mzima.

Nikapiga moyo konde.

"Ni mimi," nikasema. "Niliizima mimi. Mjomba alipoanza ule wimbo. Feni yako haina kosa."

Wakanitazama.

"Usifanye hivyo," shemeji akasema.

"Nasema kweli. Niliizima saa kumi na dakika saba. Mvumo mliousikia nimeuweka jana kwenye kompyuta."

Shemeji alinikazia macho, kisha akatikisa kichwa, na kilichonivunja ni kwamba alitabasamu. "Najua unampenda dada yako. Najua unaogopa nikifungwa atabaki na nani. Lakini sikubali ujitwike mzigo wangu. Nimeisikia kwa masikio yangu mwenyewe ikizunguka. Ile ni feni yangu, mashine niliyoifunga mimi naijua."

"Ni ya kughushi, shemeji. Nimeitengeneza."

"Basi tuwekee ile ya kwanza."

Sikuwa na ya kwanza.

"Dada," nikamgeukia. "Wewe ulikuwa jukwaani. Hukuisikia ikizimika?"

"Nilikuwa nimefumba macho," dada akasema. "Nilikuwa naimba. Sikusikia kitu." Akanitazama kwa upole ambao sikuustahili. "Mdogo wangu, asante. Lakini acha. Uongo wako utamwongezea matatizo."

Niliapa kwa kaburi la mama. Dada akanifunika mdomo kwa kiganja, akasema nisimtaje mama kwenye jambo hili. Kazi yangu ilikuwa nzuri mno, ndugu zangu. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba ukweli haukupata pa kuingilia.

Mtu mmoja tu duniani aliniona nikionyesha kile kidole, na mtu huyo alikuwa anapumua kwa mashine.

Simu ya dada ikalia. Ilikuwa namba ya hospitali. Alipokea, akasikiliza mpaka mwisho, akakata.

"Ni muuguzi," akasema. "Mjomba amezidiwa. Wanataka kumlaza kwa dawa wamtie mpira kooni, na hawajui kama ataamka. Wameruhusu mtu mmoja aingie. Mmoja tu, sasa hivi."

"Nitakwenda mimi," nikasema, na nilikuwa nimekwisha kusimama.

"Wewe hapana. Amemtaja mwenyewe anayemtaka." Dada alimgeukia mumewe. "Anakutaka wewe. Muuguzi anasema hawezi kuongea sentensi nzima, lakini anarudia neno moja, fundi, fundi. Anasema ana jambo la kukwambia."

Shemeji akainuka.

"Amejua," akasema. "Amejua ni mimi nimemuua."

"Hajafa," dada akasema.

"Nitampigia magoti. Kabla hajalazwa, lazima nimwombe msamaha, hata kama hataki kunisikia."

Alinawa mikono mpaka viwikoni, akavaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine. Dada alimfunga kamba za nyuma. Mlangoni akasimama, akarudi hatua mbili, akaja kusimama mbele yangu. Macho tu ndiyo yalikuwa yanaonekana.

"Shemeji," akasema, "wewe amekulea, unamjua kuliko mimi. Mimi maneno yatanipotea nikifika pale. Niambie nianze vipi kumwomba."

Dada alikuwa ananitazama. Nje gari lilikuwa limekwisha kuwashwa.

Nikamwambia. Nikampa neno kwa neno, yote niliyopaswa kwenda kuyasema mimi, naye akayarudia mara mbili mbele yangu ili yasimtoke, akanishukuru, akaondoka.